Sindano ya Kunyosha Uso: Ni Ipi, na kwa Mkono wa Nani?

Miaka hii ya karibuni neno geni limeingia katika mazungumzo ya akina mama wa miji yetu, nalo ni Botox. Wanaolileta ni ndugu zetu wakaao Brussels, Paris, Nairobi na Dubai, pamoja na wafanyabiashara wanaokwenda Istanbul kununua nguo. Hulitaja katika simu. Wakija Goma kuwasalimu wazazi, wengine hulibeba usoni: paji laini kama ubao uliopigwa randa, lisilokunjamana hata mwenyewe akicheka au akishangaa. Basi watu wa nyumbani hutazama, hunong'onezana, na mwisho huuliza: "Katika sindano hizi za kuondoa makunyanzi, iliyo bora ni ipi?"

Ni swali lenye jibu, nasi tutalijibu bila kuona haya. Gazeti la jamaa za Kikristo likinyamaza juu ya jambo ambalo watu wanalizungumza kila siku, watu watakwenda kumwuliza muuzaji. Na muuzaji hujibu lile tu linalompendeza. Lakini msomaji ataona kwamba anayetangulia kuuliza jina la dawa ametangulia pasipofaa. Yampasa kwanza aulize habari za mkono utakaoshika sindano, na habari za njia iliyopitiwa na chupa hata kufika mkononi humo.

Sumu iliyoonekana mazikoni

Wengi hawajui kwamba dawa hii ni sumu. Hatusemi hivyo kwa kuwatisha watu. Ndivyo ilivyo, na kila daktari aitumiaye ajua. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika nchi ya Württemberg huko Ujerumani, watu walikuwa wakifa baada ya kula soseji zilizoharibika. Tabibu mmoja, Justinus Kerner, ambaye alikuwa pia mshairi, aliandika kwa makini hali ya wagonjwa wale: macho huona vitu viwili viwili, kope huanguka, koo halimezi, mwishowe pumzi hukatika, na muda wote huo akili ya mgonjwa ni timamu. Kerner hata aliionja sumu hiyo mwenyewe, jambo ambalo hatumshauri mtu yeyote kulifuata. Hata hivyo alikuwa na macho ya mbali, kwa maana alikisia kwamba kwa kipimo kidogo mno sumu ile ingeweza siku moja kuwatuliza wagonjwa ambao viungo vyao hutikisika pasipo wao kutaka.

Mwezi wa Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, bendi ya matarumbeta ilikwenda kupiga katika maziko ya mzee mmoja. Baada ya maziko wapigaji wakaandaliwa paja la nguruwe lililotiwa chumvi. Wengi wakaugua, na watatu wakafa. Profesa Emile van Ermengem wa Chuo Kikuu cha Ghent akaichunguza nyama ile pamoja na miili ya marehemu, akamkuta ndani yake mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho matupu, apendaye kukaa mahali pasipo hewa. Jina alilompa lilitokana na neno la Kilatini botulus, maana yake soseji. Vijana wetu wa seminari ndogo hawatashindwa kulikumbuka.

Ilipita karibu karne nzima kabla ya sumu hiyo kuingia katika chupa ya dawa. Huko San Francisco daktari wa macho aliyeitwa Alan Scott alikuwa akitafuta njia ya kunyosha macho yenye makengeza pasipo kutumia kisu. Akaijaribu kwa kipimo kidogo sana, kwanza kwa nyani, kisha kwa watu. Desemba 1989 serikali ya Marekani ikakubali itumike kwa makengeza na kwa ugonjwa wa kope zinazojifumba zenyewe. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1987, mjini Vancouver nchini Canada, mgonjwa mmoja wa kope alimlalamikia daktari wake, Jean Carruthers, kwamba safari hii hakumdunga katikati ya nyusi. Kwa nini? Kwa sababu alipodungwa mahali pale uso wake ulikuwa ukipata utulivu. Mume wa daktari yule, Alastair Carruthers, alikuwa daktari wa ngozi. Wakalizungumza neno hilo nyumbani, wakalijaribu, na mwaka 1992 wakalichapisha. Aprili 2002 Marekani ikaikubali dawa kwa ajili ya mikunjo ya katikati ya nyusi. Hivyo ndivyo dawa ya wenye makengeza ilivyogeuka kuwa biashara ya wenye ndita.

Tusiidharau basi dawa yenyewe. Mpaka leo hutumika kwa mtu ambaye shingo yake imejipinda kwa kukazana kwa misuli, kwa mgonjwa wa kipandauso cha siku nyingi, na kwa mtoto ambaye ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa na miguu yake imekakamaa. Mbele ya mtoto kama huyo hakuna atakayesema kwamba sindano hii ni upuzi wa matajiri.

Jinsi inavyofanya kazi

Mshipa wa fahamu ukitaka musuli ukaze, humwaga tone dogo la maji yake, nalo ni kama mjumbe apelekaye amri. Sumu hii huufunga mlango anaotokea mjumbe. Musuli haufi wala haukatiki. Hubaki kama askari aliyesimama akingoja amri isiyofika. Ngozi iliyokuwa ikivutwa nao hulala, na mkunjo hupungua. Kazi huanza kuonekana baada ya siku chache, na baada ya wiki mbili huwa imekamilika. Kisha mshipa huanza kujitengeneza. Baada ya miezi mitatu au minne amri hupita tena, na ndita hurudi mahali pake kama kwamba hazikuondoka.

Kutokana na hayo yafaa mama aelewe mambo ambayo wauzaji hawayatangulizi. Sindano hii hunyosha mikunjo inayoletwa na mwendo wa uso: ya katikati ya nyusi, ya paji, na ile ya pembeni mwa macho tunayoipata kwa kucheka. Mashavu yaliyolegea haiyainui. Ngozi iliyochomwa na jua haiifanyi mpya. Wala haifanyi kazi moja na sindano nyingine inayouzwa pamoja nayo, ile ya kujaza, ambayo hutia maji mazito chini ya ngozi ili mahali palipobonyea painuke. Hiyo ni dawa nyingine yenye hatari zake. Ikiingizwa kwa bahati mbaya ndani ya mshipa wa damu yaweza kuua sehemu ya ngozi, hata kupofusha jicho. Kwenye saluni nyingi zote mbili huitwa kwa jina moja. Anayeshindwa kukueleza kama anakulegeza musuli au anakujaza shimo, huyo usimwachie uso wako.

Majina na vipimo

Sasa tulijibu lile swali. Majina yanayosikika zaidi ni haya. Botox ni ya Marekani, nayo ndiyo iliyotangulia, hata jina lake likawa jina la zote. Dysport ilianzia Porton Down nchini Uingereza, na sasa ni ya kampuni ya Kifaransa iitwayo Ipsen. Xeomin hutoka kwa kampuni ya Merz ya Ujerumani. Jeuveau hutengenezwa Korea Kusini, na Marekani iliikubali mwaka 2019. Iliyo changa zaidi kati ya hizi ni Daxxify, iliyokubaliwa huko mwaka 2022, na sifa yake ni kudumu: kwa watu wengi hufika karibu miezi sita.

Ndani ya chupa zote hizo mna sumu ya aina moja. Zinatofautiana katika jinsi ilivyosafishwa na vitu ilivyochanganywa navyo, na zaidi ya yote katika vipimo. Kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, kipimo kilichoandikwa na watengenezaji ni yuniti 20 za Botox, 20 za Xeomin, 20 za Jeuveau, 40 za Daxxify, na 50 za Dysport. Mtu asidhani kwamba Dysport ni dhaifu kwa sababu yuniti zake ni nyingi, au kwamba ni kali kwa sababu hiyo hiyo. Kila mtengenezaji ana kikombe chake, kama wauza maharage sokoni ambao kikombe cha huyu si kikombe cha yule. Yuniti za dawa hii hazihesabiwi kwa yuniti za dawa ile. Hatari iko hapo: mtu aliyejifunza kwa chupa moja, akaletewa nyingine kwa bei nafuu, akadunga kwa hesabu ile ile ya zamani.

Ukitaka maoni yetu, ni haya. Kwa uso wa kawaida, mikononi mwa daktari anayeijua kazi yake, tofauti ya Botox, Dysport, Xeomin na Jeuveau ni ndogo, na mgonjwa mara nyingi hataitambua. Daxxify ina faida ya kupunguza safari za kwenda kwa daktari. Lakini kitu kinachodumu muda mrefu hudumu hata pale kilipokosewa. Kope ikianguka kwa sababu dawa imeteleza hadi kwenye musuli usiohusika, aliyedungwa dawa ya muda mfupi hungoja wiki kadhaa. Mwingine aweza kungoja zaidi. Hakuna dawa ya kufuta kosa hilo papo hapo. Kwa mtu anayedungwa mara ya kwanza, kwetu sisi ile ya muda mfupi ni ya busara zaidi.

Chupa imelala wapi?

Hapa ndipo swali la Goma linapotofautiana na swali la Brussels. Botox na Dysport hutaka baridi ya digrii 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka saa ya kudungwa. Ikiisha kuchanganywa na maji ya chumvi, Botox hurudishwa katika baridi hiyo, nayo haina budi kutumika ndani ya saa 24. Sasa fikiri juu ya njia ya chupa inayokuja kwetu: ndege, ghala, gari, mpaka, pikipiki, friji ya duka. Sote twaujua umeme wetu. Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, umeme na maji vilikatika, uwanja wa ndege ukafungwa, na maghala kadhaa ya mashirika ya misaada yakaporwa. Siku zile Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilionya waziwazi juu ya maabara ya uchunguzi wa magonjwa iliyoko Goma, kwa kuhofia kwamba umeme ukikosekana vijidudu vya magonjwa makali vilivyohifadhiwa humo vingeweza kutoka. Kama maabara ya taifa ilitiwa katika hofu hiyo, friji ya saluni ni nini?

Yupo msomaji makini atakayesema, "Basi Xeomin ndiyo yetu, maana nimesikia haihitaji friji." Ni kweli. Chupa yake isiyofunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba, na katika nchi kama yetu jambo hilo si dogo. Lakini ikiisha kuchanganywa, nayo hutaka baridi na saa 24 kama dada zake. Na uvumilivu wake wote haumsaidii mtu ikiwa kilichomo chupani si Xeomin.

Maana dawa za bandia zipo, tena katika nchi zenye wakaguzi na sheria kali kuliko sisi. Aprili 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba watu 22 katika majimbo 11 waliugua baada ya kudungwa dawa za bandia, au kudungwa na watu wasio na ruhusa, au mahali pasipo pa tiba. Nusu yao walilazwa hospitalini. Kiangazi cha mwaka 2025 huko Uingereza watu zaidi ya 30 walipatwa na dalili zile zile alizoziandika Kerner. Na mwanzoni mwa mwaka 2023 watu zaidi ya 60, wengi wao wakiwa Uturuki na wengine wakiwa wamekwisha kurudi Ujerumani, waliugua baada ya kudungwa sumu hii tumboni ili wapunguze unene. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wametibiwa Istanbul. Tunautaja mji huo kwa kusudi, kwa sababu wafanyabiashara wetu huufikia, na matangazo ya urembo wa bei nafuu huwapokea huko.

Njia ilikwisha kufunguliwa

Mtu aweza kusema kwamba tunahangaika na jambo la watu wachache. Labda. Lakini kabla ya sindano ya makunyanzi tuliyaona mafuta ya kuchubua ngozi, na sindano za kung'arisha mwili, vikiingia masokoni na madukani kwa njia hii hii: jina zuri, kopo lenye picha, muuzaji asiye mganga. Rwanda, ng'ambo ya kizuizi, polisi walipita dukani hadi dukani mwishoni mwa mwaka 2018 wakiyaondoa mafuta hayo. Kenya na Tanzania zilikwisha kuyapiga marufuku yenye hidrokwinoni miaka mingi kabla ya hapo. Mei 2023 Bunge la Afrika Mashariki, la Jumuiya ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, lilitaka vipodozi vyenye hidrokwinoni vizuiwe katika nchi zote za Jumuiya. Hata hivyo yeyote atembeaye Birere anajua kwamba marufuku ya upande mmoja wa mpaka ni faida kwa mchuuzi wa upande wa pili.

Mambo haya mawili yanakutana usoni pa mtu yule yule. Mwenyezi Mungu ametupa ngozi nyeusi, na weusi wake ni mwavuli. Ndiyo sababu makunyanzi madogo madogo ya jua huchelewa kwetu kuliko kwa Wazungu. Goma iko chini ya digrii 2 kutoka Ikweta, na karibu mita 1,500 juu ya bahari. Jua lake ni kali hata siku ya mawingu. Mwanamke anayejichubua anauondoa mwavuli huo kwa mkono wake mwenyewe. Tena mafuta mengi ya kuchubua yametiwa dawa kali za jamii ya kotisoni, ambazo zikitumiwa miaka huifanya ngozi kuwa nyembamba, yenye michirizi na yenye kupasuka upesi. Halafu akiwa na miaka 40 huanza kutafuta sindano. Ameuza mwavuli, sasa anatafuta dawa ya mvua! Kwa mwanamke huyo ushauri ulio bora kuliko chupa zote tulizozitaja ni kuacha mafuta hayo chini ya uangalizi wa daktari wa ngozi, maana kuyaacha ghafula baada ya miaka mingi nako kuna taabu yake, kisha kuvaa kofia au kitambaa penye jua. Havigharimu fedha nyingi.

Papa aliyaulizwa haya

Je, ni dhambi? Wasomaji wengi huona haya kuliuliza neno hilo mbele ya Padre, kwa hiyo tuliseme sisi. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kufariki kwake, Baba Mtakatifu Pio XII aliwapokea madaktari wa Italia wanaotengeneza nyuso na viungo kwa upasuaji, akawahutubia juu ya jambo hilo. Wakati ule sindano tunayoizungumza haikuwapo, lakini hoja zake zinaifaa. Alifundisha kwamba uzuri wa mwili ni kitu chema, ingawa kiko chini ya mema mengine yaliyo makubwa zaidi. Kwa hiyo kutaka kuurekebisha si uovu kwa asili yake. Yatazamwe makusudi na hali. Mtu akitaka uso mpya ili kuwatega wengine, au mhalifu akitaka kujificha asishikwe na haki, au mwili ukidhuriwa kwa ajili ya majivuno na tamaa ya mitindo, hapo kuna uovu. Lakini nia ikiwa nyofu, mwili ukilindwa na hatari kubwa, na sababu zikiwa za haki na zenye uzito unaolingana na njia inayotumika, Mkristo hana kosa.

Tuyapime basi maneno hayo kwa mfano. Tuseme yuko mama mmoja wa Katindo, mjane wa miaka 58, ambaye binti yake anafanya kazi Brussels na amemkatia tiketi.

"Mama," asema binti katika simu, "ukifika huku nitakupeleka kwa daktari akunyoshe uso. Utarudi Goma watu wakidhani wewe ni dada yangu."

"Nami nikiwa dada yako, binti yangu, mama yako atakuwa nani?"

"Usinicheke, Mama. Nataka upumzike. Umekimbia volkano mwaka 2002, ukakimbia tena mwaka 2021, na vita sihesabu. Yote yameandikwa usoni pako."

"Ninajua, mwanangu. Hebu niambie, ni daktari kweli au ni mwenye saluni?"

"Ni daktari, Mama. Ana cheti ukutani."

"Na baada ya miezi minne?"

Hapo binti akanyamaza kidogo. "Baada ya miezi minne yatarudi. Itabidi udungwe tena."

"Huko kwenu, au huku Goma?"

Nia ya binti huyo ni nyofu, ni upendo mtupu. Sharti la pili, la kuulinda mwili, lapatikana pia, maana yupo daktari, na chupa imepitia njia inayojulikana. Swali limebaki katika sharti la tatu. Kila safari ya sindano huko Ulaya na Marekani hugharimu dola mia kadhaa, na anayetaka kudumu na uso ule hana budi kurudia mara tatu au nne kwa mwaka. Katika nyumba ambayo mdogo wa yule binti hajalipiwa ada ya sekondari, fedha hiyo ina mwenyewe. Hata hivyo hatuwezi kutoa hukumu moja kwa watu wote. Tunamfikiria mtu ambaye ndita za kuzaliwa humfanya aonekane mkali kila saa hata watoto humkimbia, au mwenye kovu linalouvuta uso upande mmoja, au mwimbaji ambaye mkate wake hutegemea jukwaa. Padre aliye mwema, akimsikiliza mtu kama huyo, hatamfukuza.

Lakini sindano hiyo kufuatwa Goma kila miezi minne, kwa mtu atokaye mbali na kifuko chake na kupokea wateja sebuleni, hapo sharti la pili limeanguka, na la tatu halina haja ya kupimwa tena.

Neno moja kwa wanafunzi. Wapo wasichana wa miaka 16 wanaosikia katika simu zao kwamba wakianza mapema hawatazeeka. Huko Uingereza, tangu Oktoba 2021, kumdunga sindano hii au ile ya kujaza mtu aliye chini ya miaka 18 kwa ajili ya urembo ni kosa la jinai. Uso wa miaka 16 hauna cha kunyoshwa.

Kwa anayekwenda kudungwa

Pamoja na yote tuliyoyasema, wapo watakaodungwa, hasa ndugu zetu walio ng'ambo, na heri wakienda na maswali kuliko wakienda bila maswali. Dai kuiona chupa ikiwa imefungwa, usome jina lake, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho, kisha vipige picha. Uliza ni yuniti ngapi, za dawa gani. Uliza ilichanganywa saa ngapi. Daktari mwema hataudhika, na anayeudhika amekwisha kukujibu.

Mwenye mimba asidungwe, wala anayenyonyesha. Mwenye ugonjwa wa misuli kulegea asikaribie kabisa. Na hili twalisema kwa ajili ya watu wa kwetu hasa: anayetibiwa kwa jentamisini, dawa inayotumika sana katika hospitali zetu, au dawa nyingine za jamii yake, amwambie daktari kabla ya sindano, kwa sababu dawa hizo huzidisha nguvu ya sumu hii.

Maumivu madogo, uvimbe mahali pa sindano na kichwa kuuma kidogo ni mambo ya kawaida. Kope moja ikianguka, hata kama inatia aibu, hurudi yenyewe baada ya wiki kadhaa. Lakini mtu aliyedungwa, iwe ni baada ya saa chache au baada ya wiki kadhaa, akianza kuona viwili viwili, sauti ikakwaruza, mate yakashindwa kumezwa, shingo ikalegea au pumzi ikawa nzito, asingoje asubuhi na asirudi kwa aliyemdunga. Apelekwe hospitali kubwa iliyo karibu, na wanaompeleka waseme wazi kwamba alidungwa, wakichukua ile picha ya chupa, wala wasifiche kwa kuona haya. Dawa ya kuzuia sumu hii ipo, ingawa haikai kwenye rafu ya kila farmasi na huenda ikabidi kutafutwa mbali. Nayo huishika tu ile sumu ambayo bado inazunguka katika damu. Iliyokwisha kuingia mshipani haiitoi tena.